Nani Atamzika Asiye na Dini?

Mtoto wa darasa la saba katika shule ya wahumanisti wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, hufanya mtihani wa taifa uleule wanaoufanya wenzake wote nchini. Karatasi ya Maarifa ya Jamii ina sehemu ya elimu ya dini, na hapo mtahiniwa anachagua: ajibu swali la Ukristo au ajibu la Uislamu. Mlango wa tatu hakuna. Basi shule iliyoanzishwa na watu wasioamini Mungu haina budi kuwaandaa watoto kwa maswali ya mitume na manabii, kwa sababu maksi ni maksi, na mzazi aliyelipa karo hataki kusikia falsafa siku matokeo yanapotoka.

Ubishi wa kama Mungu yupo au hayupo ni mtamu barazani, na hakuna aliyewahi kuumaliza. Swali lenye uzito zaidi ni jingine. Watu wachache wasiosali, wakiishi katikati ya majirani wanaosali, hujengaje maisha ya pamoja? Tena hupata wapi nguvu ya kusimama hadharani kumtetea mnyonge? Katika Afrika Mashariki jibu limeanza kuonekana, ila haliko kule ambako magazeti hulitafuta.

Tuanze na jina, maana limewasumbua. Kiswahili kina maneno kadhaa ya kumwita mtu asiyeamini, na karibu yote yametungwa na wapinzani wake: kafiri, mpagani, mkanamungu. Hilo la mwisho humtambulisha mtu kwa kile anachokikataa, kana kwamba asiyekula nyama tungemwita mkananyama. “Mhumanisti” nalo ni neno geni, gumu mdomoni. Humtaja mtu anayeshika kwamba maadili yanaweza kusimama juu ya akili, ushahidi na huruma ya binadamu kwa binadamu, bila kungoja amri kutoka mbinguni. Vyama vya watu wa namna hiyo kutoka nchi mbalimbali viliungana Amsterdam mwaka 1952, chini ya uenyekiti wa mwanabiolojia Julian Huxley, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa UNESCO.

Lakini wazo lenyewe lilikuwa na makao katika lugha yetu zamani, kwa jina la utu. Shaaban Robert, Mwislamu, alimwita mhusika mkuu wa riwaya yake Utubora. Kenneth Kaunda, mtoto wa mhubiri, aliitangaza falsafa ya utu kuwa mwongozo wa Zambia mwaka 1967 na hakuona sababu ya kuliacha kanisa. Ndiyo maana Mswahili akiambiwa kuna chama cha watu wanaoshika utu bila dini, swali lake la kwanza huwa: kwani tuliokuwa nao sisi ulikuwa nini? Kundi moja la Tanzania lilijiita Jichojipya, na hakika lilichagua kwa busara. Jina hilo halimkani yeyote. Linamwalika mtu atazame tena.

Idadi yao ni kitendawili. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu 755,750 waliosema hawana dini, kati ya wakazi zaidi ya milioni 47. Miaka kumi kabla ya hapo walikuwa 922,128. Anayesimulia kwamba vijana wa Nairobi wanayahama makanisa kwa makundi ana kazi ya kueleza upungufu huo. Tanzania haihesabu kabisa. Sensa ya mwisho kuuliza dini ilikuwa ya 1967, na tangu swali hilo lilipoachwa, ili Waislamu na Wakristo wasishindanie tarakimu, asiye upande wowote naye alipotea humohumo.

Tena wengi wa hao 755,750 si wanachama wa kitu chochote. Kuacha kusali mtu anaweza akiwa peke yake chumbani. Kukutana kila mwezi, kuchanga, kumtembelea mgonjwa, kugombana juu ya mweka hazina na bado kurudi mwezi unaofuata, hayo yanataka watu.

Kenya, waliojaribu kuwa watu kwa maana hiyo walianzia kwa msajili wa vyama. Atheists in Kenya Society, chama kinachoongozwa na Harrison Mumia, kilipata cheti Februari 2016. Aprili haikuisha kabla usajili huo haujasimamishwa na mwanasheria mkuu wa wakati huo, Githu Muigai. Viongozi wa makanisa walikuwa wamelalamika, na hoja iliyotolewa ni kwamba shughuli za chama zinahatarisha amani na utulivu wa jamhuri. Katiba ya 2010 inasema wazi, katika ibara ya 8, kwamba Kenya haina dini ya serikali, na ibara ya 32 inalinda uhuru wa dhamiri, imani na fikra. Katiba hiyohiyo, katika utangulizi wake, inakiri ukuu wa Mwenyezi Mungu, na wimbo wa taifa wenyewe ni dua. Chama kilikimbilia Mahakama Kuu, na kikaendelea kuishi.

Tangu hapo kimejulikana zaidi kwa vituko. Kiliwahi kuiomba serikali siku ya mapumziko ya kitaifa kwa ajili ya wasioamini. Mwaka 2021 kilitoa taarifa kwamba katibu wake amejiuzulu kwa kuwa amempata Yesu, kikamshukuru kwa utumishi wake na kumtakia heri. Wakenya walicheka wiki nzima. Ukweli ni kwamba ile barua ilikuwa ya kistaarabu kuliko barua nyingi za kumfukuza mshirika zinazosomwa madhabahuni. Hata hivyo kicheko hakimleti mtu mkutanoni, na ushindi wa mahakamani hauwaambii majirani unafanya nini cha maana mtaani kwao.

Kisha ikaja Shakahola. Kuanzia Aprili 2023, katika msitu huo wa kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie anayeshtakiwa kwa kuwahimiza wafunge kula hadi kufa ili wakutane na Yesu. Kanisa lake lilikuwa limesajiliwa kisheria kwa miaka mingi, na lilifutwa na ofisi ya msajili wa vyama baada ya makaburi kufunuliwa. Ni ofisi hiyohiyo iliyowapa wasioamini cheti. Chama cha watu waliotaka kukutana na kujadiliana kilionekana hatari kwa amani baada ya wiki kadhaa tu. Mtu anayetaka kuelewa maana ya usawa mbele ya sheria, katika jambo hili la imani, aweke mafaili hayo mawili mezani, moja kando ya jingine.

Sasa turudi Kasese, maana huko ndiko mambo yalikochukua njia tofauti.

Wilaya hiyo iko chini ya milima ya Rwenzori, na mpaka wa Kongo uko karibu kiasi kwamba Kiswahili cha sokoni Mpondwe hakina pasipoti. Migodi ya shaba ya Kilembe iliwakusanya huko vibarua wa makabila mengi, ikafungwa, watu wakabaki. Makanisa ni mengi: Wakatoliki, Waanglikana, Wasabato, na Wapentekoste wa kila namna. Hapo ndipo Robert Bwambale alipofungua shule ya msingi ya kihumanisti mwaka 2011. Matawi yaliongezeka, na mwaka 2015 makao ya yatima yalifunguliwa Muhokya. Magazeti ya ng'ambo yalishangilia kwamba ni makao ya kwanza duniani ya yatima wa wasioamini Mungu. Yatima wenyewe hawakuomba sifa hiyo. Walihitaji kitanda, sare na uji.

Bwambale hakuwa wa kwanza. Mwaka 2004 wahumanisti wa nchi nyingi walikutana Kampala, na katika miaka iliyofuata Waganda kadhaa walianzisha shule zao: Isaac Newton High School upande wa Masaka, Mustard Seed kule Busota katika wilaya ya Kamuli. Mwaka 2008 mfuko wa hisani uliundwa Uingereza kuzisaidia, Uganda Humanist Schools Trust. Madarasa yakajengwa, maabara zikapata vifaa, watoto wakafadhiliwa.

Kwa nini shule, na si ukumbi wa mijadala? Historia ya Uganda inajibu. Wamisionari wa Kiingereza walifika Buganda mwaka 1877, Wafaransa wakawafuata mwaka 1879, na waliopigania roho za Waganda walizipigania darasani. Hadi leo shule nyingi zina dhehebu lililoziasisi, na dhehebu hilo lina sauti katika uendeshaji wake. Anayetaka kuonyesha kwamba maadili yanawezekana bila madhehebu hana uwanja mzuri kuliko huo. Lakini kuna sababu nyingine, ya kawaida zaidi, na pengine yenye nguvu zaidi. Shule hununua mahindi na maharage kwa mkulima wa jirani. Huajiri mpishi, mlinzi na fundi wa madawati. Huita mikutano ya wazazi, ambako Msabato, Mkatoliki na Mwislamu hukaa kwenye benchi moja kujadili bei ya sare. Mzazi hulipa karo kidogo kidogo, akikwama huja kuomba muda. Ukikaa na watu katika mambo hayo mwaka hadi mwaka, wanaacha kukuita kafiri na kuanza kukuita mwalimu.

Maisha ya Kasese hayakuwa mepesi kwa yeyote. Machi 2020 Uganda ilifunga shule zake kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Shule binafsi zisizo na mfadhili zilikuwa za kwanza kufa. Mei 2020 mto Nyamwamba ulifurika ukabomoa hospitali ya Kilembe. Juni 2023 waasi wa ADF walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi waliokuwa bwenini. Katika wilaya ya namna hiyo, kundi linalojitambulisha kwa hoja peke yake lingepeperuka kama makapi.

Njia ya shule si ugunduzi wa Kiganda. Mwaka 1876 huko New York kijana Felix Adler, mtoto wa rabi aliyetarajiwa kumrithi baba yake, alianzisha jumuiya ya maadili isiyodai imani yoyote. Kanuni yao ilikuwa kwamba tendo litangulie imani. Walipeleka wauguzi nyumba kwa nyumba katika mitaa ya maskini, mwaka 1878 wakafungua shule ya chekechea ya bure, na mwaka 1880 wakafungua shule kwa watoto wa wafanyakazi. Mfuasi mmoja, Stanton Coit, mwaka 1886 alihamia Lower East Side, mtaa wa wahamiaji waliosongamana, akaanzisha huko nyumba ya huduma kwa majirani, ya kwanza ya aina yake Marekani. Ilipoundwa NAACP mwaka 1909 kupigania haki za Wamarekani weusi, watu wa jumuiya hiyo walikuwemo miongoni mwa waasisi. Waliingia katika vita hiyo wakiwa tayari wanafahamika kwa miguu yao, mlango kwa mlango.

Mfano huo una upande wake mchungu. Ile shule ya watoto wa wafanyakazi ilikua, ikafundisha vizuri, ikamtoa mwanafizikia J. Robert Oppenheimer, na leo chini ya jina la Ethical Culture Fieldston ni miongoni mwa shule za ghali za New York. Hakuna aliyekaa akaamua kuwafukuza maskini. Ubora ulivuta wenye nacho, gharama zikapanda, ndivyo ilivyokuwa. Kasese iko mbali sana na hapo, lakini shule yoyote ya binafsi inayolipa mishahara kwa karo iko kwenye mteremko huohuo. Kinachoizuia kuteleza kwa sasa ni fedha za wafadhili, ambazo nazo zina mashaka yake. Mfadhili wa Uingereza hutaka kusikia habari za sayansi iliyoshinda ushirikina. Mzazi wa Kasese hutaka daraja la kwanza. Mwalimu mkuu huandika barua mbili tofauti kuhusu shule ileile. Tena vyama hivi mara nyingi humtegemea mwanzilishi mmoja, mwenye mawasiliano na funguo zote, na akiugua yeye, chama nacho kinaugua.

Wanorwei hawajui shida hiyo. Chama chao cha kihumanisti, kilichoundwa mwaka 1956, kina wanachama zaidi ya 100,000, na serikali hukipa ruzuku kwa kila kichwa kama inavyofanya kwa jumuiya za dini. Vijana wao hupewa sherehe ya kuingia utu uzima bila padri. Ni vizuri kwao. Kwa aliyeko Busota mfano huo una manufaa kama koti la manyoya.

Katika kutetea haki, eneo ambako wahumanisti wa Afrika wameonyesha kazi iliyo yao hasa ni tuhuma za uchawi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu cha Tanzania kilikadiria kwamba kati ya 2005 na 2011 watu wapatao 3,000 waliuawa nchini kwa kushukiwa uchawi, wengi wakiwa wanawake wazee, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa. Bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni alitosha kuhukumiwa. Kisii, nchini Kenya, Mei 2008, wazee 11 walichomwa moto. Oktoba 2021, katika kaunti hiyohiyo, wanawake wazee wanne waliuawa. Katika pwani ya Kilifi tuhuma kama hizo mara nyingi huandamana na ugomvi wa shamba, na anayenufaika na kifo cha mzee huwa wa ukoo wake.

Sheria zipo, na ni za kikoloni: ya Kenya ni ya 1925, ya Tanzania ya 1928. Zinaadhibu uchawi na zinaadhibu pia kumsingizia mtu uchawi, na katika kuchanganya huko polisi wengi hupotea. Mtu aliyelivaa jambo hili bila kigugumizi ni Leo Igwe wa Nigeria, aliyesomea shahada ya uzamivu juu ya tuhuma za uchawi kaskazini mwa Ghana na mwaka 2020 akaanzisha shirika la kuwatetea watuhumiwa. Kazi yake ni kuandika barua kwa polisi, kumtafutia mzee aliyefukuzwa pa kulala, kumfuata mchungaji anayenadi ibada za kufichua wachawi na kumdai ushahidi. Julai 2021 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio juu ya ukatili unaotokana na tuhuma hizo.

Hapa mhumanisti ana kitu ambacho jirani yake mchungaji hana. Padri na shehe wengi hulaani mauaji ya vikongwe kwa dhati, lakini hawawezi kusema kwamba uchawi wenyewe haupo. Vitabu vyao vinautaja. Husema tu kwamba kuua ni dhambi. Kijana mwenye panga, aliyeshawishika kwamba bibi amemla mtoto wake, husikia nusu ya maneno hayo. Anayeweza kumwambia kwamba mtoto alikufa kwa malaria, na kukaa naye hadi aelewe, anafanya kazi tofauti. Sharti ni moja: awe anajulikana kijijini. Mgeni aliyekuja na kipaza sauti kutoka mjini hatasikilizwa, hata akiwa na shahada tatu.

Ila kujulikana nako kuna bei, na hapa ndipo penye ugumu wa jambo lote. Shule inayotegemea wazazi ina mdomo mfupi. Mwaka 2023 Uganda ilipitisha sheria kali dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, viongozi wa dini wakiiunga mkono kwa sauti kubwa. “Kuyaendeleza” kunaweza kumfunga mtu miaka 20. Mwalimu wa Kasese anayeiona sheria hiyo kuwa dhuluma atafanya nini na watoto mamia walio mikononi mwake? Mhumanisti wa Nairobi asiye na shule anaweza kusema, kwa kuwa hana cha kufungiwa. Nigeria inakumbusha bei ikipanda hufika wapi. Mubarak Bala, rais wa chama cha wahumanisti nchini humo, alikamatwa Aprili 2020 kwa maneno aliyoandika juu ya Uislamu, akahukumiwa miaka 24 mwaka 2022, adhabu ikapunguzwa hadi mitano kwenye rufaa, akatoka Januari 2025. Kwa hiyo makundi haya yanakwenda kwa kugawana kazi bila kukubaliana rasmi. Wengine wanapiga kelele, wengine wanafundisha hesabu, na kila upande unamwona mwenzake kuwa mwoga au mropokaji.

Kuna pengo moja ambalo shule wala mahakama hazijaliziba. Ndoa ina njia: Mtanzania asiye na dini huenda bomani, akatia saini mbele ya mashahidi, akarudi nyumbani na mke wake. Kiapo cha mahakamani kina njia pia, maana sheria inaruhusu uthibitisho bila kitabu kitakatifu. Msiba hauna.

Buganda kuna vyama vya munno mukabi, Tanzania kuna vyama vya kuzikana, Kenya kuna harambee ya mazishi. Kwenye karatasi havina dini. Mhumanisti hujiunga, huchanga rambirambi, hubeba viti na kufunga turubai, hukaa kimya sala ikisomwa. Ni jirani mwema hadi siku yake mwenyewe inapofika. Hapo matanga huwa ya ukoo, na ukoo una mchungaji wake.

Kenya ilikwisha kulipima jambo hili katika kesi maarufu. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alisema mumewe alitaka kuzikwa kwenye shamba lao nje ya Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ulimtaka arudishwe Siaya, azikwe kwa mila za Wajaluo. Mahakama ya Rufani ilimpa ushindi ukoo. Otieno alizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, siku 154 baada ya kufa, na mjane hakuhudhuria.

Suala la kesi ile lilikuwa mila, si kutoamini. Lakini mwanachama wa kundi la wasioamini jijini Nairobi anaijua vizuri. Anaweza leo kuandika wasia kwamba asiombewe, asipelekwe kanisani, wenzake wa mkutano wa kila mwezi waseme machache kisha wamfukie. Karatasi hiyo itafunguliwa na kaka yake, mzee wa kanisa, sebuleni kwa mama yao, wakati turubai limekwisha fungwa na kwaya imekwisha kualikwa.